Nyayo za Grini ya Tano

Jumatano asubuhi, umande ukiwa bado haujakauka, Kimya aliona alama ya kwanza. Ilikuwa kwenye grini ya tano, hatua tatu kutoka kwenye bendera: doa la njano hafifu, refu kidogo kuliko kiganja, kama mtu amemwaga chai ya maziwa akaipangusa haraka haraka. Mgeni angelipita bila kuliona. Kimya aliinama akaligusa kwa kidole. Nyasi zilikuwa bado laini na bado zimesimama, ila rangi ilikuwa inaziaga. Alipoinua macho akaona doa la pili, upande wa kushoto, halafu la tatu, upande wa kulia. Doa la ugonjwa hutapakaa ovyo. Haya yalikuwa yanatembea.

Kwa asiyejua gofu, grini ni kile kipande cha nyasi zilizokatwa fupi kama zulia, penye shimo na bendera yake. Uwanja ule ulikuwa na mashimo kumi na nane, kwa hiyo grini kumi na nane, na kwa miaka ishirini na mmoja Kimya alikuwa amezikata, amezichana, amezilisha mbolea na kuzipulizia dawa. Jina la Kimya alipewa na wenzake wiki ya kwanza kazini, na hakuwahi kulipinga, jambo lililozidi kulithibitisha. Hakuwa na kiburi. Maneno yalikuwa yanamfikia mdomoni yamechelewa, watu wakiwa wameshahamia habari nyingine.

Alizifuata zile alama kwa macho. Zilitoka kwenye ukingo wa shimo la mchanga, ule mtego wa mipira kando ya grini, zikaenda mpaka kwenye bendera, zikarudi. Vidole vilielekea nje, kushoto na kulia, kama miguu iliyogombana. Zilikuwa nyayo zake mwenyewe, wala hakuhitaji kuambiwa na mtu. Na kwenye kila alama ya mguu wa kushoto kisigino kilikuwa na pengo pembeni, kana kwamba panya amekitafuna. Pengo hilo halikuwa la kiatu chake. Lilikuwa la mabuti ya shemeji yake.

Ijumaa ya wiki iliyopita, alfajiri, Kimya alikuwa akipulizia magugu ya ukingo wa mchanga ile dawa kali, isiyochagua, inayoua kila kinachoota. Mabuti yake ya mpira yalikuwa yamepasuka vidoleni na stoo kipa alikuwa akimwambia "wiki ijayo" tangu mvua za mwaka uliopita. Basi akachukua mabuti ya shemeji yake msumarini, akijua mwenyewe hafiki mpaka saa mbili. Alipokuwa akimaliza, aliona bendera ya tano imeangushwa na upepo, imelala juu ya grini. Mtu aliyeinua bendera kwa miaka ishirini na mmoja hafikirii. Alitua bomba la mgongoni, akaenda, akaiinua, akarudi. Soli zilikuwa zimelowa dawa. Alipofika stoo akakuta bomba la maji limekauka, maji yote yamepelekwa upande wa juu, na Meneja akamwita akasaidie kuhamisha mabenchi. Akayatundika mabuti vilevile.

Mlango wa stoo ulikuwa na maandishi ya rangi nyekundu: ALIYESHIKA DAWA ASIKANYAGE GRINI. Yaliandikwa mwaka ambao mpuliziaji aliyemtangulia Kimya alifanya kosa hilohilo, akatolewa getini siku hiyohiyo, saa sita mchana, na chakula chake cha mchana bado kiko kwenye mfuko. Dawa ile haina haraka. Inakaa siku nne, siku tano, imenyamaza ndani ya nyasi, na wewe unalala na kuamka na kusahau. Halafu inaanza kuongea.

Jumamosi ingekuwa siku ya mashindano makubwa ya ukanda mzima, ambayo huzunguka kwenye viwanja vitano, kila mwaka kimoja. Mwaka huu ilikuwa zamu yao.

Mchana ule Kimya alisubiri shemeji yake avue mabuti aende kula. Akayachukua, akayapeleka nyuma ya stoo, akayasugua kwa sabuni na brashi mpaka yakang'aa. Alipoinua kichwa akamwona stoo kipa amesimama na sufuria ya chai mkononi. Stoo kipa akageuka, akaingia ndani na chai yake.

Shemeji yake, kaka mkubwa wa mke wake, alikuwa mtu wa maji. Alivuta mpira wa kumwagilia kutoka grini hadi grini, na watu walimwita Mvua. Mrefu, mwenye maneno, hana adui. Ndiye aliyemleta Kimya kwenye uwanja huu na kumsemea kwa meneja wa wakati ule. Alikuwa amebakiza miaka miwili astaafu.

"Shemeji," alisema aliporudi, akiinua mguu mmoja, "mabuti yangu leo yameogeshwa kama bwana harusi. Nani ananipenda hivi?"

Kimya akatabasamu kidogo, akaendelea kunoa visu vya mashine.

"Hutaki kusema. Haya. Nitajua tu, mpenzi hafichiki."

Jioni, kabla ya giza, Kimya alipita tena grini ya tano. Alama zilikuwa kumi na nane sasa, na zimeiva kuwa rangi ya majani makavu. Akafika na ya sita, kwa kujihakikishia tu. Huko hakuwa amekanyaga. Hilo alikuwa na uhakika nalo kama jina la mama yake.

Kwenye ya sita kulikuwa na alama saba. Zilitoka upande wa koki ya maji, vidole vikitazama mbele moja kwa moja, hatua ndefu za mtu mrefu anayevuta mzigo.

Akaelewa. Ijumaa ile Mvua alifika saa mbili, akavaa mabuti yake kama kila siku, akaanza kumwagilia. Alianzia ya tano. Baada ya hapo ya sita, ya saba, ya nane.

Nyumbani mke wake alimtazama akisukuma chakula huku na huku kwenye sahani.

"Kaka alipita," alisema. "Anasema umezidi. Kimya chako cha kawaida anakijua, lakini hiki anasema kina kitu ndani."

"Ni mashindano."

"Mashindano unayaona mwaka wa ngapi?"

"Huu una kazi nyingi."

Mke wake akatoa sahani.

Alhamisi asubuhi Meneja alimwita ofisini. Alikuwa mtu wa shati jeupe na sauti ya chini, wa kutosalimia mara mbili. Kwenye kiti alikuwepo mwanamke mwenye kofia pana na kamera shingoni.

"Huyu dada anaandika kijitabu cha viwanja vya gofu vya ukanda wetu," Meneja alisema. "Vyote vitano, ili wageni wajue waende wapi. Amebakiza huu wetu. Wewe ndiye pekee hapa uliyevifanyia kazi vyote. Mtembeze, na umwonyeshe ya tano vizuri. Ndiyo sura yetu."

Walitoka. Yule dada akawa anamtazama kwa pembeni.

"Kaka, nimeambiwa huongei."

"Naongea."

"Haya, neno la kwanza nimelipata. Twende tukatafute la pili."

Kimya akacheka bila kutaka, na baada ya hapo ikawa rahisi kidogo, maana viwanja ndicho kitu pekee alichoweza kukieleza bila kujikwaa. Alianza ujana wake kama kedi, mbeba mikoba ya fimbo, kwenye uwanja wa mjini. Huo una mashimo tisa, alimwambia, na njia ya watu inaukata katikati. Mwenye mzigo kichwani ana haki kuliko mwenye fimbo, na mchezaji mgeni asiyengoja atazomewa na soko zima. Mpira upigwe chini, kwa adabu. Mtu wa kupiga mbali hana raha pale.

"Na wa mlimani?"

"Wa mlimani uende mapema. Saa nne ukungu unashuka, unapiga mpira unausikia tu. Kule juu hewa ni nyepesi, mpira unaruka kuliko ulivyozoea. Chukua fimbo fupi. Wengi wanaupotezea msituni, kwenye misonobari, halafu wanamlaumu kedi."

Dada aliandika mbiombio. Walikuwa wamemaliza shimo la pili.

Akamweleza uwanja wa machimbo, usio na grini hata moja ya nyasi. Huko maji ni ya kunywa tu. Wamechanganya mchanga na oili chafu, wakausawazisha mpaka ukawa mweusi na mgumu, na kila mchezaji akimaliza lazima avute reki aufute upya, kwa sababu mpira unaacha mstari na mguu unaacha alama. Kimya alifanya kazi huko miaka mitatu. Alivuta reki mpaka akawa anavuta usingizini.

"Kwa hiyo kule ukikosea unafuta," dada alisema.

"Kule unafuta."

Akamweleza na ule wa bwawani, mzuri kuliko yote kwa macho. Asubuhi maji yametulia kama kioo, na ikigonga saa saba upepo unageuka, na shimo la mwisho linalovuka maji linameza mipira kama ugonjwa. Mgeni acheze asubuhi, arudi nyumbani akisifia. Akichelewa atausema vibaya, na uwanja hauna kosa.

"Wewe ungenipeleka wapi, kama nina siku moja tu?"

"Mlimani," alisema bila kufikiri. Kisha akaona haya, kama amemsaliti Meneja. "Lakini huu ndio uliotunzwa."

Walikuwa wameiacha ya nne. Mbele yao, nyuma ya miti, bendera ya tano ilikuwa inapepea.

"Tukate hapa," Kimya alisema. "Kuna njia fupi ya kwenda ya kumi. Ya tano haina mengi."

"Meneja amesema ndiyo sura yenu."

"Leo ina maji. Utalowa viatu."

"Viatu vyangu vimekanyaga oili ya machimbo, kaka. Maji vitashukuru."

Kimya alimfuata nyuma kama mtu anayepelekwa. Usiku mmoja ulikuwa umefanya kazi yake. Nyayo zilikuwa kahawia sasa, zimekolea, kingo zake kali kama zimekatwa kwa mkasi. Zilikuwa njia mbili: moja kutoka mchangani yenye vidole vilivyoelekea nje, nyingine kutoka kwenye koki, iliyonyooka. Katikati ya kijani kile kilichong'aa zilionekana kama kuna watu wawili wasiokuwepo, wamesimama.

Dada akainua kamera.

"Hizi ni za nani?"

Maneno yalikuja mdomoni, safari hii kwa wakati. Kimya aliyasikia kabisa yakigonga meno.

"Za watu wa kazi," alisema.

Kamera ikalia mara tatu.

Hakuwa mtu mbaya yule dada. Mchana, akila na Meneja, aliuliza tu kama anavyouliza mgeni: zile nyayo za kahawia pale ya tano ni urembo, au zina historia yake? Meneja aliweka uma chini. Dakika kumi baadaye watu walimwona akitembea juani bila kofia, peke yake, kutoka ya tano kwenda ya sita, ya sita kwenda ya saba. Kwenye ya nane alisimama muda mrefu.

Ijumaa, saa mbili kamili, wafanyakazi wote waliitwa grini ya tano na mabuti yao mkononi. Yalipangwa mstari mmoja kwenye nyasi ndefu, jozi kumi na moja, soli juu. Meneja alipita akitazama moja moja. Alipofika kwenye lile lenye pengo kisiginoni akaliokota, akachutama, akaliweka juu ya alama. Liliingia kama mguu unavyoingia kwenye kiatu chake.

"Ya nani haya?"

"Yangu," Mvua alisema. "Hata kuuliza huhitaji, Meneja. Mimi napita hapa na mpira wa maji kila siku ya Mungu. Nyayo zangu zitakosekanaje? Lakini dawa sijaishika tangu nizaliwe. Hata ya mbu naiogopa."

Mmoja alicheka, akakoma peke yake.

"Mwezi uliopita nilikunyima likizo," Meneja alisema kwa ile sauti ya chini. "Ukasema mbele ya hawa watu kwamba bila wewe uwanja huu utakauka."

"Ulikuwa utani."

"Naona unakauka."

Mvua alizitazama zile nyayo, kisha akawatazama wenzake.

"Na Jumatano," Meneja aliendelea, "mabuti haya yameoshwa kwa sabuni. Nimeambiwa yalikutwa yanachuruzika. Kwa nini mtu aoshe mabuti katikati ya wiki?"

"Mimi sijayaosha."

"Yamejiosha."

Stoo kipa alikuwa anatazama chini. Kisha, polepole, akamtazama Kimya. Alikuwa amesema mabuti yameoshwa. Jina la aliyeosha alikuwa amelibakiza moyoni, na sasa alikuwa anamkabidhi Kimya.

"Mzee, kachukue vitu vyako," Meneja alisema. "Sitaki kelele. Kesho nina wageni mia mbili."

"Ni mimi," Kimya alisema.

Hakuna aliyesikia. Watu walikuwa wameanza kujitikisa, kama wanavyofanya jambo likiisha. Ikabidi aseme tena, na mara ya pili ilikuwa ngumu kuliko ya kwanza.

"Meneja. Ni mimi. Niliyavaa Ijumaa kupulizia ukingo ule pale. Bendera ikaanguka, nikaenda kuiinua. Siku ile sikuyaosha, niliyaosha Jumatano. Yeye aliyakuta msumarini, akavaa. Hakujua."

Meneja alimtazama kwa muda, halafu akatikisa kichwa, karibu kwa huruma.

"Miaka yote hii sijakusikia ukisema maneno kumi mfululizo. Leo kaka wa mkeo amebanwa, ndio umepata sauti?"

"Ni kweli."

"Ni heshima, na heshima yako naiona. Lakini buti ni lake, njia ni ya koki yake, na kinywa kilichotisha ni chake. Rudi kazini."

Hilo Kimya hakulitarajia. Siku tatu alikuwa ameogopa kusema. Haikumpitia akilini kwamba angesema, na isitoshe. Mvua alikuwa ameshageuka kuondoka, soksi tupu kwenye umande, mabega yameshuka, na kwa mara ya kwanza alionekana mzee.

Kimya akaenda kwenye mstari, akayachukua yale mabuti, akaketi chini akayavaa. Watu kumi na moja walimtazama, na masikio yake yalikuwa yanawaka. Akaingia kwenye shimo la mchanga, uliochanwa vizuri tangu alfajiri, akauvuka kutoka mwanzo hadi mwisho. Alijitahidi kutembea kama anavyotembea siku zote, na hakuna kitu kigumu kama hicho ukitazamwa. Akatoka upande wa pili, akasimama.

"Tazama vidole," alisema. "Tazama na zile zilizokwenda kwenye bendera. Halafu tazama zake."

Meneja alikwenda ukingoni. Alitazama mchangani, akatazama kwenye grini. Nyayo mbichi zilikuwa zimefunguka nje, kushoto na kulia, hatua fupi. Zilizokwenda kwenye bendera zilikuwa ndugu zake kabisa. Zile zilizotoka kwenye koki zilinyooka, zikapita.

Meneja alirudi kutoka ukingoni.

"Mzee Mvua, rudi kwenye maji yako," Meneja alisema mwishowe. Kisha akamgeukia Kimya, na safari hii sauti ilikuwa chini zaidi. "Unayajua maandishi ya mlango. Utaziba alama zote kabla ya kesho saa moja asubuhi. Jumatatu usije."

"Sawa," Kimya alisema.

Kuziba grini ni kazi ya magoti. Una bomba fupi la chuma lenye makali, lile la kutobolea mashimo. Unalikandamiza juu ya alama, unang'oa kipande cha nyasi zilizokufa pamoja na udongo wake, unakwenda kitaluni, penye nyasi za akiba, unang'oa kipande kizima cha ukubwa uleule, unarudi unakishindilia. Unyayo mmoja unakula vipande vitatu. Kufikia saa nane Kimya alikuwa amemaliza ya tano na nusu ya sita, na mgongo ulikuwa umekataa kunyooka. Ukitazama kwa mbali ungesema ni kijani kitupu. Ukikaribia ungeona viduara, vimepangwa kushoto na kulia, bado vinatembea.

Aliona mpira wa maji ukiburutwa kwenye nyasi kabla ya kumwona anayeuburuta. Mvua alisimama karibu, amevaa viatu vyake vya nyumbani.

"Tangu lini ulijua?"

"Jumatano."

"Jumatano, Alhamisi, leo." Alihesabu kwa vidole, taratibu. "Nakutania habari za bwana harusi, na wewe unanitazama miguuni."

Kimya alishindilia kipande.

"Dada yangu umemwambia?"

"Bado."

"Utamwambia wewe. Mimi siwezi kubeba na hilo."

Mvua akauacha mpira ukamwaga maji ovyo njiani, akachutama kwa shida upande wa pili wa alama.

"Lete hicho chuma. Umechoka, utaharibu na iliyo nzima."

Wakafanya hivyo, mmoja aking'oa, mmoja akishindilia, bila kutazamana. Wakamaliza ya sita. Wakaanza ya saba, yenye alama kumi na mbili, na Kimya akapiga hesabu moyoni: ya saba, halafu ya nane, na jua bado lipo. Huenda wangewahi.

Wakati huo dereva wa mashine ya kukata nyasi, aliyekuwa upande wa pili wa miti, alizima injini. Wote wawili waliinua vichwa. Hakuwa amemaliza, ungeweza kusikia kwamba hakuwa amemaliza.

"Kimya," aliita. "Njoo uangalie huku kwenye ya tisa. Na huku zimeanza kutokea."

Mvua akaweka chuma chini, akawa wa kwanza kuinuka.